Jina la Aliyekaa Mkiani

Walikuwepo walimu wawili, ndugu zangu, na wote wawili walibatizwa kwa jina moja. Jina lenyewe silitaji, maana humu kanisani wamo wanne wenye jina hilo, na mmoja wao ndiye fundi wa kipaza sauti hiki. Nikimuudhi mtanisikia kwa taabu. Tuseme tu kwamba walikuwa somo kwa somo. Na desturi yetu mnaijua. Watu wenye jina moja hawaitani tena kwa jina. Wewe unamwita mwenzio Somo, naye anakuita Somo, na mama yako ni mama yake, na akija kwako hapigi hodi mara mbili.

Mmoja alifundisha historia, mwingine hesabu. Yule wa historia alikuwa mwenyeji. Miaka ishirini na miwili alikuwa pale kwenye shule ya jimbo, tangu madarasa yana kuta tatu na ukuta wa nne ni mahindi ya watu. Yule wa hesabu alihamia juzi juzi, ana miaka sita tu pale. Lakini watu wa namna yake mnawajua. Anaingia ofisi ya walimu, hajamaliza kuvuta kiti, wenzake wameshaanza kucheka. Wanafunzi walioikimbia hesabu tangu darasa la tatu wakaanza kudai vipindi vya ziada. Mpishi wa shule akawa anamwekea ukoko wa wali. Ukoko, wapendwa! Mwalimu wa historia alikula wali wa pale miaka kumi na sita kabla yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda ukoko.

Hayo yote angeyameza. Lililomkaa kooni ni la mama yake. Mama yake mzazi alikuwa anaishi naye pale kwenye nyumba za walimu, miguu inamsumbua. Na kwa kuwa somo ya mwanao ni mwanao, mwalimu wa hesabu alikuwa anapita kila Jumamosi kumkanda miguu na kumsimulia vituko vya shule. Sasa mwana wa kuzaa akirudi jioni, amechoka, amekumbatia madaftari sitini ya kusahihisha, mama anamuuliza nini kwanza? Anamuuliza, "Somo yako hajambo?" Hamuulizi ameshindaje. Hamuulizi kama amekula. Somo yako hajambo!

Naona akina baba mnacheka, mtu mzima wa miaka hamsini kugombea mama. Msicheke. Wivu ulimtafuna yule mtu kwelikweli. Usiku alikuwa anahesabu Jumamosi ambazo mwenzake alikuja, na asubuhi anamsalimia kwa meno yote thelathini na mbili.

Ikatokea kiti cha mkuu wa shule kikawa wazi. Jina moja likapelekwa mara mbili kwenye ofisi ya elimu ya jimbo, ikabidi karani aandike pembeni, huyu wa historia, huyu wa hesabu, ili wasichanganywe. Wakaitwa wote wawili kwenye usaili. Safari ilikuwa ya siku mbili kwa treni, na karani yule yule akawakatia tiketi za chumba kimoja. "Mtu na somo yake hawatenganishwi," akasema, akidhani amewafurahisha.

Mwalimu wa historia alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hilo nataka mlishike. Nyumba kubwa ya mkuu wa shule haikumshughulisha, wala ile meza yenye kioo. Alikitaka ili siku moja mama yake aulize habari zake yeye kwanza.

Basi ndani ya begi lake alikuwa na mchezo. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, ambaye sasa yuko ng'ambo, alimtumia zawadi: kisanduku chenye ubao wa kukunja, kadi, dadu na kitabu kizima cha majedwali. Ni mchezo wa vita, na unachezwa na mtu mmoja peke yake. Unakuwa na ndege kubwa ya kudondosha mabomu, na ndani yake watu saba. Unarusha dadu, unatazama jedwali, nalo linakuambia yaliyowapata huko angani: ukungu, au injini imeshika moto, au ndege za adui zimewajia kwa nyuma, na nani amepigwa.

Tena vita vyenyewe havikuwahi kutokea. Waliotunga mchezo walijiuliza, je, ile vita kuu ya pili isingekwisha mwaka tunaoujua, ikaendelea miaka mitatu mingine, ingekuwaje? Mwalimu wa historia alikipenda hicho kuliko yote. Historia iliyotokea alikuwa anaifundisha kila siku, na hiyo imeshampa kila mtu kiti chake. Hii ya ingekuwa bado ilikuwa na nafasi. Na mtu mwenye wivu, wapendwa, makazi yake ni huko huko kwenye ingekuwa. Kama yule asingehamia kwetu. Kama mama asingemzoea.

Treni ikaondoka asubuhi. Chumbani mwao alikuwemo na mama mmoja mwenye mafurushi ya vitenge, anakwenda kumwoza mpwa wake. Kabla ya stesheni ya pili mwalimu wa hesabu alikuwa ameshajua ukoo wa bwana harusi, na karanga za yule mama zilikuwa mkononi mwake. Mwalimu wa historia akaweka begi magotini, akakunjua ubao wake juu yake, akajifanya hasikii vicheko.

"Somo, tucheze wote," mwenzake akamwambia.

"Huu ni wa mtu mmoja, Somo."

"Basi nikurushie hata dadu."

"Dadu narusha mwenyewe."

Mchezo ule una karatasi ya majina. Unaandika jina la kila mtu kwenye kiti chake, ili akipigwa na wewe uumie kidogo. Mwalimu akachukua kalamu, akawapandisha ndegeni watumishi wa shule. Mhasibu akamweka kwenye redio. Mpishi akampa bunduki ya ubavuni. Mwalimu wa michezo, mtunza stoo, mlinzi wa getini, kila mmoja akapata pake. Kwenye kiti cha rubani akaandika Mimi. Kikabaki kiti cha mkiani. Huko anakaa mtu na bunduki peke yake, amewapa wenzake mgongo, na adui akija anaanza na yeye. Kitabu kilisema wazi kwamba hakuna kiti kinachoua kama hicho. Akaandika hapo, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, Somo.

Mnaniangalia. Najua mnachotaka kusema, ni mchezo tu, Padre. Ndivyo na yeye alivyojiambia.

Ndege ikaruka. Safari ya kwanza mhasibu akafa, maskini ya Mungu, mtu asiye na ugomvi na yeyote. Safari ya pili mpishi akapoteza mguu, na hapo mwalimu hakuhuzunika sana, kwa habari ya ule ukoko. Safari ya tatu mwalimu wa michezo akaungua mikono. Na Somo? Hata mchubuko! Mara nne ndege za adui zilikuja kwa nyuma, na mara nne mwalimu alirusha dadu huku moyo unamwenda mbio. Moja ndiyo iliyokuwa kifo. Ikaja tatu: risasi zimepita chini ya kiti. Ikaja tano: kofia imetoboka, kichwa kizima. Ikaja tano tena. Ikaja sita: bunduki ya adui imekwama.

"Imekwama!" mwalimu akasema kwa sauti bila kujijua. "Hata dadu zinampenda!"

Yule mama wa vitenge akamgeukia. "Unasemaje, mwalimu?"

"Si kitu, mama. Ni mchezo."

"Mbona unacheza peke yako?"

"Ndivyo unavyochezwa."

Yule mama akatafuna karanga yake mpaka ikaisha. "Sasa ukishinda," akauliza, "unakuwa umemshinda nani?"

Mwalimu akaokota dadu. Alikuwa anakasirika, na hasira yenyewe ilimwaibisha, kwa sababu alijua anamkasirikia mtu wa karatasi. Mwenzake alikuwa amesimama mlangoni, amembeba mtoto wa abiria wa chumba cha pili ili mama yake apumzike. Akamrudisha mtoto, akachungulia ndani.

"Nakwenda behewa la chakula. Nikuletee chai na chapati?"

"Usijisumbue."

"Nisijisumbue wapi? Mama ameniagiza. Amesema nihakikishe unakula, Somo." Akaenda zake, anapiga mluzi.

Mama ameniagiza! Sasa hata kula kwake, mwana wa kuzaa, kulikuwa kunapitia kwa yule. Mwalimu alihisi joto linampanda mpaka masikioni. Akasukuma ndege yake mbele, safari ya tano. Jedwali likasema, adui, kwa nyuma. Akarusha dadu. Ikazunguka juu ya ubao, ikasimama kwenye nne. Nne ni hakuna madhara.

Hapo hapo treni ikaingia kwenye handaki la mlimani. Ilikuwa mchana kweupe, taa hazijawashwa, giza likawa la kutoona kiganja. Na katika giza lile, ndugu zangu, kidole kimoja kikatoka. Kikapapasa ubao. Kikaipata dadu, kikaigeuza taratibu, huku ncha yake inahesabu vishimo, mpaka ikasikia kishimo kimoja tu, pale katikati.

Niambieni, alikuwa anamwibia nani? Mchezo hauna mpinzani, hauna refa, hauna kombe. Mtu mzima, msomi, anakwenda kuwania uongozi wa watoto mia saba, anaiba gizani ili mtu wa karatasi afe.

Mwanga ukarudi. Dadu inaonyesha moja. Naye akajifanya kushtuka! Mbele ya nani? Mama wa vitenge alikuwa anasinzia. Mwalimu akachukua kalamu, akaweka msalaba mbele ya lile jina la mkiani, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaegemea nyuma, akashusha pumzi. Nataka niwe mkweli kwenu, alisikia utamu. Wivu una utamu wake, tusidanganyane.

Mwenzake akarudi, vikombe viwili mkono mmoja, chapati mkono mwingine. Akaviweka kwenye kimeza cha dirishani. "Nione umefika wapi," akasema, na kabla mwalimu wa historia hajaifunika karatasi, yeye ameshaichukua. Akaisoma kwa sauti, kila mstari, kama wanavyosoma walimu wa hesabu. Akamcheka mpishi na mguu wake. Akampa pole mhasibu. Halafu akapunguza mwendo.

"Rubani, Mimi," akasoma. "Mkiani, Somo." Akagusa ule msalaba kwa kidole. "Amekufa."

Mwalimu wa historia akanyoosha mkono kuidai karatasi, akaurudisha. Akangoja.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kwa miaka sita neno Somo lilikuwa na maana moja tu kichwani mwa mwalimu wa hesabu. Somo ni yule wa historia. Yeye mwenyewe hajawahi kujiita Somo; nani hujiita Somo? Na mtu anaposoma kwa kinywa chake neno Mimi, huyo mimi ni nani?

"Umeniweka mimi niwe rubani," mwalimu wa hesabu akasema polepole. "Wewe ukaenda ukakaa kule nyuma. Hiki kiti cha mkiani ndicho kibaya kuliko vyote?"

"Ndicho," mwalimu wa historia akajibu. Lilikuwa neno la kweli pekee alilosema siku ile.

Mwenzake akakaa. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha.

"Somo, nikuambie kitu. Safari hii nilikuwa naiogopa. Nilidhani una kinyongo na mimi. Nikaandika barua hii, ningewapa pale ofisini keshokutwa asubuhi kabla ya usaili. Nimewaambia walitoe jina langu. Kiti ni chako, shule umeibeba miaka ishirini na miwili, na mimi sitaki cheo kitakachonikosanisha na wewe." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Lakini kama hata kwenye mchezo wa peke yako, pasipo mtu wa kukuona, unanipa mimi usukani na wewe unakwenda kukaa penye kifo, basi nikikataa nitakuwa nimekudharau. Nitakiomba, Somo. Nitakiomba kwa moyo wote, na wewe utanifundisha kazi."

Akaichana ile barua mara mbili, akaviweka vipande mfukoni.

Mwalimu wa historia angesema nini? Nawauliza ninyi mlio hodari wa kujitetea. Kiti kilikuwa chake. Kilikuwa kimeshaandikwa, kimetiwa kwenye bahasha, kimesafiri naye chumba kimoja tangu asubuhi, kimekaa kwenye koti la mtu aliyekuwa anamuua. Ili kukirudisha alihitaji kusema maneno machache tu, hapana Somo, umesoma vibaya, aliyekufa ni wewe. Aseme? Yamtoke? Akaanza kukunja ubao wake.

Mwenzake hakungoja. Alikuwa ameshatoa simu na kumpigia mama, na sauti ya mama ikajaa chumbani. Akamweleza yote: ndege, rubani, kiti cha mkiani, msalaba. Aliyapamba kidogo, mtu akifurahi hupamba. 

"Nipe mwanangu," mama akasema.

Mwalimu akaishika simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Miaka sita alilisubiri swali hilo. Miaka sita! Na mama hakumuulizia mtu mwingine yeyote. Akaendelea, "Nilikuwa nakuogopea, mwanangu. Nilikuwa nakuona unavyomtazama mwenzio, nikawa nakuulizia habari zake kila siku ili nisikie utanijibuje. Leo umenijibu. Leo nimejua nimezaa mtu."

"Nimekula, mama," mwalimu akasema. Chai ilikuwa mbele yake, haijaguswa. Akarudisha simu, akageuza uso dirishani, akalia kilio cha kujizuia. Mwenzake akamwekea mkono begani, akijua ni machozi ya furaha.

Kiti alikipata mwalimu wa hesabu. Na wanasema ni mkuu wa shule mzuri, nawaambia ili msije mkatafuta faraja upande huo.

Sasa tuje kwetu. Mwalimu wa watu tumemcheka vya kutosha, na treni yake imeshafika. Sisi je? Karatasi zetu za majina zimekaa wapi? Nani kati yetu hana mtu aliyemweka mkiani na kumrushia dadu kila siku, biashara yake ife, ndoa yake iyumbe, mtoto wake afeli? Hatumgusi, tunangojea tu. Na dadu zikikataa, kidole kinatoka gizani: neno moja kwa bosi, neno moja kwa mama mkwe.

Lakini tazameni maneno tunayowaandika kwayo. Tunaandika Jirani. Wewe kwake ni nani, kama si jirani? Tunaandika Wifi. Mama, yeye akikutaja kwao anakutajaje? Tunaandika Ndugu, tunaandika Shemeji, tunaandika Somo, tunaweka msalaba, na hakuna hata moja ya maneno hayo lisilokuwa jina letu sisi wenyewe. Mungu hakutuachia neno la kumwua mwenzetu peke yake. Tulitafute mpaka uzee, halipo.

Na pengine huyo tunayemwinda ana bahasha kwenye koti. Pengine ameshaandika msamaha, ameshaandika kutuachia, anangoja tu kufika. Sisi tuko bize na dadu.

Muda si mrefu nitawaambia mtakiane amani, na mnavyofanya navijua. Mnageukia mume, mnageukia mtoto, mnawapungia wa mbali, na yule mmoja mnamruka, mnajifanya mnatafuta kitabu cha nyimbo. Leo misa haitaendelea mpaka nione watu wametoka kwenye mabenchi yao. Umfuate pale alipo, umshike mkono, na kabla ya kutamka amani umwambie ukweli wa uliyomwombea kwa siri, hata kama utakugharimu kile unachokitaka kuliko vyote. Kiti changu kile pale. Nitakaa, na nitawasubiri.